Siku moja maishani mwangu: mtunza vyumba melini, siku ya kubadilisha wageni

Saa 11:30 alfajiri. Meli imeshafunga kamba gatini. Wageni wa safari iliyokwisha wanashuka asubuhi hii, wapya wanaanza kupanda mchana, na katikati hapo ndipo kazi yangu yote ilipo. Upande wangu wa ujia ni vyumba vya familia. Wenzangu wengi hawavipendi, na nawaelewa. Chumba cha wawili ukishatandika umemaliza. Cha wanne kina vitanda vya chini viwili vya kuunganisha au kutenganisha, vya juu viwili vinavyoshushwa kutoka ukutani au darini, na pengine sofa ya kukunjua. Chumba chenyewe, pamoja na bafu, mara nyingi hakifiki mita za mraba 20.

Saa 12:30 asubuhi. Msimamizi anagawa karatasi: namba ya chumba, idadi ya watu, umri wa watoto, vitanda viweje. Naisoma huku nikijua kwamba nusu yake itabadilika kabla ya usiku. Karatasi husema "watu wanne, vya chini viunganishwe". Haisemi kwamba wa miaka minne hulala katikati ya mama na baba, na kwamba kufika saa nane za usiku baba atakuwa amehamia sofani na mguu mmoja nje. Anayejaza fomu hufikiria vitanda, na mimi nataka kujua nani analala wapi.

Saa 2:00. Mlango wa kwanza uko wazi, wenyewe wameondoka. Naanza na vitanda vya juu, kwa sababu humo ndimo vitu hupotelea. Kitanda kikikunjwa asubuhi hufungwa na shuka lake na blanketi lake, mkanda ukapita juu, kikasukumwa ukutani mpaka kitasa kikalia. Mtoto akiacha mdoli wake ndani, mdoli humezwa humo. Leo nimefungua kimoja nikakuta sungura wa kitambaa, sikio moja limenyonywa mpaka limebadilika rangi. Nikampigia simu msimamizi papo hapo, familia ikapatikana ikiwa bado kwenye foleni ya kushuka. Wangeshafika barabarani ingekuwa kilio cha safari nzima.

Nikiwa hapo juu nakagua na kitanda chenyewe: bawaba, kingo ya kuzuia kuanguka, ndoano mbili za ngazi. Ngazi isiyokaa sawa kwenye ndoano zake haipandwi na mtu, naita fundi. Halafu usafi. Kila mtu hukumbuka choo na swichi, lakini katika chumba cha watoto kinachoshikwa kuliko vyote ni vipago vya ngazi na ile kingo, na vyote hufutwa kwa dawa. Adui wetu mkubwa ni norovirusi, kirusi cha kutapika na kuharisha kinachoenea upesi watu wanapokaa pamoja. Vitakasa mikono vya spiriti havikiwezi vizuri. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji, na sehemu zinazoguswa zipigwe dawa yenye klorini. Meli za abiria zinazoingia bandari za Marekani hukaguliwa usafi na CDC, taasisi ya serikali ya huko ya kudhibiti magonjwa, bila taarifa, alama ni kati ya 100, na ukipata 85 au chini umefeli. Kwa hiyo hata kama hakuna anayeniona nafanya kazi kana kwamba mkaguzi yuko mlangoni.

Saa 4:30. Vitanda vya chini. Kuunganisha ni kuviburuta viwili vikutane, kuvifunga miguu visiachane meli ikiyumba, kisha godoro jembamba la juu linalofunika ule mpasuo wa katikati. Ukilikosa hilo godoro, mtoto wa katikati ataamkia shimoni. Karatasi ikitaka hivyo nafanya, lakini ukiniuliza mimi, familia ya wanne iache vitanda vimetengana. Vikitengana, kunabaki njia katikati, ngazi inapata pa kusimama, na mtu anakwenda chooni gizani bila kukanyaga wenzake. Vikiungana chini ya vitanda vya juu vilivyoshushwa, mara nyingi wazazi hugonga vichwa wakiketi.

Saa 7:15 mchana. Wageni wanaingia. Familia ya kwanza: mama, bibi, mvulana wa miaka minane na dada yake wa minne. Kabla sijamaliza salamu, yule mdogo ameshashika ngazi.

"Mimi nalala juu!"

"Huko juu ni kwa wakubwa, mwanangu," nikamwambia. Ushauri wa kawaida wa usalama ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 6 asilale kitanda cha juu, na hapa sibembelezwi. Kaka yake naye akaninong'oneza kwamba juu anaogopa. Mama akacheka, bibi akasema yeye na magoti yake wasitazamwe kabisa. Tukakubaliana hivi: bibi na mama vitanda vya chini, vimetengana, mdogo sofani, kaka kitanda cha juu kilicho upande wa mama, na taa ya bafuni ibaki inawaka, mlango umeachwa wazi kidogo. Dakika tano za maneno, na karatasi yangu yote imefutika. Sasa naijua familia hiyo kuliko ofisi inavyoijua.

Chumba cha jirani wanataka binti yao alale kwa binamu zake, ng'ambo ya ujia. Ombi zuri, ila si la kukubaliwa na mimi. Kila mtu, hata mtoto wa kubebwa, ana kituo chake cha kukusanyikia dharura ikitokea, na kila boti ya uokoaji ina idadi yake. Ndiyo maana chumba chenye vitanda vinne wakati mwingine huuzwa kwa watu wawili tu: boti ya upande ule imeshajaa. Nikawaelekeza ofisini, jina la mtoto lihamishwe kama nafasi ipo. Kuhusu kitanda cha kichanga, tafadhali kiombeni mnapokata tiketi. Vilivyomo stoo ni vya kuhesabu, na hugawiwa mapema.

Saa 10:00 alasiri. Zoezi la dharura. Tangu 2015 sheria za kimataifa zinataka lifanyike kabla meli haijaondoka au mara inapoondoka. Kwetu mimi husimama ujiani kuhakikisha vyumba vyangu havina mtu, na kuangalia kwamba kila mtoto amepata jaketi la kuokolea la kipimo chake. La mtu mzima halimfai, anaweza kuchomoka ndani yake majini.

Saa 1:00 usiku. Wamekwenda kula, nami nageuza vyumba. Utaratibu una maana yake: masanduku kwanza, yaingie chini ya vitanda, la sivyo sofa haikunjuki. Kiti juu ya meza. Sofa. Kitanda cha juu. Ngazi mwisho kabisa, kwa sababu ikishasimama hupiti tena. Kisha tembo wa taulo: taulo moja kubwa kwa mwili, la mkono kwa kichwa na mkonga. Watoto hupiga kelele za furaha, wazazi hunifuata wakiuliza taulo ziko wapi. Ndizo hizo, mvunjeni tembo.

Mambo mawili ambayo ningependa kila mzazi ayajue. Kuta za meli kwa kawaida ni chuma, kwa hiyo kulabu za sumaku hushika. Njoo nazo, nguo za kuogelea zitatoka sakafuni. Na vitambaa vya kumpangusia mtoto visitupwe chooni. Vyoo vyetu huvuta kwa hewa, na kimoja kikiziba jirani zako nao huzibiwa.

Saa 3:40 usiku. Simu. Mvulana wa kitanda cha juu amepanda na amegoma kushuka hata kupiga mswaki. Dada yake ameshahama sofa, yuko kwa bibi. Mama anauliza kama sofa naweza kuikunja ili wapate nafasi. Naikunja, naandika kwenye daftari: chumba hiki, sofa isifunguliwe mpaka waombe.

Saa 4:10. Najaza fomu ya saa za kupumzika. Mkataba wa kazi za baharini wa 2006 unataka mtu apate angalau saa 10 katika kila 24, na 77 katika siku saba. Zile 10 zaweza kukatwa vipande viwili tu, kimoja kisipungue saa sita. Naandika pumziko la mchana na hili la usiku, natia sahihi, napeleka mfuko wa mwisho wa shuka kwa dobi.