Kumbukumbu ya mradi wangu: mwili wa vitambaa

Wiki ya nne. Kwa asiyejua, nashona aproni yenye viungo vya mwili vinavyofungwa na kufunguliwa kwa vifungo, kwa ajili ya binti yangu wa kidato cha pili na wenzake wanaojisomea barazani kwetu. Mabaki ya vitenge vya wateja yalishajaza gunia, nikaona bora yawe maini na mapafu.

Wiki mbili za kwanza nilishona nilivyojua. Moyo mwekundu, figo ya kahawia, basi. Binti akaja na daftari lake: seli, tishu (seli za kufanana zinazofanya kazi pamoja), ogani (kiungo kama moyo), mfumo, mwili. "Mama, tishu umeiruka." Mimi tishu naijua ya kufutia mikono mgahawani. Jirani yetu aliyekulia Bujumbura akacheka: kwao, kwa Kifaransa, tissu ni kitambaa cha kushonea. Fundi mzima nimerukaje kitambaa?

Nikafumua vyote. Sheria mpya: aina nne za tishu, vitambaa vinne, mwili mzima. Bitana kwa zile zinazofunika na kutandika ndani. Kitenge chekundu kwa misuli. Jinzi kwa tishu unganishi, zinazoshikiza na kubeba. Uzi wa njano kwa neva.

Jumamosi nilimwomba wa bucha moyo wa mbuzi, mzima, asiukate. Nikaupasua mwenyewe kwenye kibao cha jikoni, na hapo nililipwa jasho langu. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kama mara tatu ya ule wa kulia. Sababu ni safari: wa kulia unasukuma damu hadi mapafuni tu, hapo jirani, wa kushoto unaipeleka kichwani na hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Nimeshona kulia tabaka moja la kitenge, kushoto matatu, na sindano mbili zimevunjika. Ndani kunateleza na kung'aa, bitana kabisa. Ni seli bapa za tabaka moja tu.

Kulikuwa na nyuzi nyeupe ngumu zinazoshikilia vali, vile vilango vya damu ndani ya moyo, zisipinduke. Wa bucha anaziita mshipa. Bomba kubwa la juu nalo kaliita mshipa. Neva ni mshipa wa fahamu, na mama mkwe akisema fulani ana mshipa anamaanisha ngiri! Kwenye vibandiko tumeandika ateri (inayotoa damu moyoni), vena (inayoirudisha), neva, na "nyuzi za vali".

Kosa la wiki: nilitandika kipande cha taulo ndani ya tumbo, kwa kuwa utumbo tunaonunua una ile sehemu tunayoiita taulo. Kumbe hiyo ni ya mbuzi, mcheuaji mwenye tumbo la vyumba vinne. Tumbo letu ni chumba kimoja chenye mikunjo. Taulo nimelihamishia utumbo mwembamba, ambako kweli kuna vinyuzi vya kama milimita moja vinavyofyonza chakula.

Damu ndiyo imenishinda. Vitabu vinaihesabu kuwa tishu unganishi, kundi moja na mfupa. Jinzi gani inayotiririka? Binti anasema kundi hilo linatambulika kwa seli zinazokaa mbalimbali ndani ya kitu kingine. Kwenye mfupa kitu hicho kimekazwa na madini ya kalsiamu, kwenye damu ni majimaji, plazima, zaidi ya nusu ya damu yote. Nimekubali, ila sheria yangu imepasuka.

Kwa sasa nimetumia mrija mwembamba wa plastiki, maji na shanga nyekundu za milimita 2. Seli nyekundu halisi ina upana wa kama milimita 0.008. Kwa kipimo cha shanga hizo, mimi mwenye mita 1.6 ningekuwa na urefu wa mita 400, na bucha wangenichungulia kwenye kisigino.

Mrija unavuja begani. Kesho natafuta gundi.