Mimi ni wa Turbine, daraja lolote

Nikisema nafuatilia mpira wa wanawake hapa Ujerumani, swali linalofuata huwa lile lile: Bayern au Wolfsburg? Nikijibu Turbine Potsdam, wengi wananitazama tu, hasa vijana. Hawaijui. Hilo linaniuma, maana tunazungumzia klabu iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mara mbili, tena katika miaka ambayo Borussia Dortmund haikuwa hata na timu ya wanawake. Dortmund wameanzisha ya kwao mwaka 2021, juzi tu.

Potsdam ni mji jirani na Berlin ninakoishi. Enzi za Ujerumani mbili ulikuwa upande wa Mashariki. Magharibi, shirikisho la soka lilipiga marufuku mpira wa wanawake kuanzia 1955 hadi 1970. Mashariki hakukuwa na marufuku, ila hakukuwa na msaada pia. Serikali ile ilimwaga fedha kwenye michezo ya Olimpiki, kwani medali ndizo zilizoipa sifa duniani, na mpira wa wanawake haukuingia Olimpiki hadi 1996. Basi wanawake waliachwa wacheze kama burudani ya baada ya kazi.

Ndipo mwishoni mwa 1970 likabandikwa tangazo kwenye shirika la umeme la Potsdam: tunaunda timu ya soka ya wanawake, anayetaka ajiandikishe. Machi 1971 timu ikazaliwa. Jina Turbine limetokana na hapo hapo, kwani timu za wafanyakazi wa sekta ya umeme nchini humo ndivyo zilivyoitwa. Kocha akawa mfanyakazi mwenzao, Bernd Schröder, aliyewahi kuwa golikipa. Sidhani kama yeye mwenyewe alitarajia kukaa, lakini ukiacha miaka michache ya tisini, aliiongoza timu hiyo mpaka 2016. Mtu anaanza kazi kijana, anaiacha ana miaka zaidi ya sabini. Alikuwa mkali, na wapo wachezaji waliokwaruzana naye, lakini bila yeye nisingekuwa na cha kuandika leo.

Turbine ilikuwa bingwa wa Ujerumani Mashariki mara sita, ya kwanza 1981. Na bado wachezaji wale hawakuwa na timu ya taifa ya kuitwa. Timu ya taifa ya wanawake ya nchi hiyo ilicheza mechi moja tu katika historia yake yote: tarehe 9 Mei 1990, Uwanja wa Karl-Liebknecht pale Babelsberg, Potsdam, dhidi ya Czechoslovakia. Walifungwa 3-0. Kocha alikuwa huyo huyo Schröder. Oktoba mwaka huo nchi yenyewe ikafutika kwenye ramani. Kila nikikaa kwenye uwanja ule nawafikiria wale wanawake. Miaka karibu ishirini ya mazoezi ya jioni, halafu dakika tisini.

Baada ya muungano klabu nyingi za Mashariki zilikufa kwa kukosa fedha. Turbine ilihangaika, ikapanda ligi kuu mwaka 1994, na mwaka 1999 ikajitenga na kuwa klabu kamili ya wanawake, yenye uongozi wake na mfuko wake. Hapa ndipo inaponigusa zaidi. Hakuna timu ya wanaume juu yake, hakuna wa kuwaambia wasubiri kwanza wanaume wamalize mazoezi.

Kilichofuata ni raha tupu. Mwaka 2004 waliifunga Frankfurt 7-2, tena kwa Frankfurt kwenyewe, wakabeba ubingwa wa ligi na Kombe la Ujerumani. Mwaka 2005 wakachukua Ulaya. Golikipa wao Nadine Angerer akaenda na timu ya taifa ya Ujerumani Kombe la Dunia 2007 kule China, akadaka mashindano yote bila kufungwa hata bao moja, na kwenye fainali akapangua penalti ya Marta, nyota wa Brazil. Mwaka 2009 walilingana pointi na Bayern, ikabidi watu wahesabu mabao, na Turbine wakawa mabingwa kwa tofauti ya bao moja. Wakachukua tena 2010, 2011 na 2012. Mfungaji bora wa msimu huo wa mwisho alikuwa Mwafrika mwenzetu, Genoveva Añonma wa Guinea ya Ikweta, na mwaka huo huo akawa mwanasoka bora wa kike Afrika. Waafrika wangapi wanalijua jina lake? Tafadhali mtafuteni.

Ila ukinilazimisha nichague usiku mmoja, nachagua Getafe, Hispania, Mei 2010, fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Lyon ya Ufaransa. Dakika 120 zinaisha 0-0. Golini mwa Turbine amesimama Anna Felicitas Sarholz, msichana wa miaka 17. Anapangua mikwaju miwili. Halafu anauchukua mpira, anaenda kupiga penalti yake mwenyewe, anafunga. Turbine wanashinda 7-6. Binti yangu ni golikipa wa timu ya watoto hapa mtaani kwetu, na nimemwonyesha mikwaju ile mpaka anajua kila mpigaji anaelekeza wapi.

Halafu fedha zikaja, na hazikuja Potsdam. Wolfsburg ana Volkswagen nyuma yake, Bayern ana Bayern. Kuanzia 2013 hadi 2025 ubingwa wa ligi haujatoka nje ya klabu hizo mbili. Mchezaji akichipukia Turbine anachukuliwa, na huwezi kumlaumu, naye ana maisha yake. Wapinzani wao wakubwa wa zamani, 1. FFC Frankfurt, mabingwa wa Ulaya mara nne, waliona mbali wakajiunga na Eintracht Frankfurt mwaka 2020. Mwaka huo huo Turbine wakajaribu ushirikiano na Hertha BSC ya Berlin. Haukudumu, na Hertha baadaye ikawa na timu yake yenyewe ya wanawake.

Mei 2022 Turbine walikuwa bado fainali ya Kombe la Ujerumani, wakafungwa 4-0 na Wolfsburg. Mwaka mmoja baadaye wakashuka daraja. Walipanda 2024, wakaburuza mkia, wakashuka tena 2025, msimu ule ule ambao ligi ilikuwa inaongezwa timu kutoka 12 hadi 14 na inashusha moja tu. Nililia, sioni haya kusema.

Najua hoja ya wanaosema hivi ndivyo maendeleo yalivyo. Wachezaji sasa wanalipwa vizuri zaidi, viwanja vinajaa, na mimi nafurahi kwa ajili yao. Hata nyumbani Tanzania, Simba Queens na Yanga Princess zinabebwa na majina makubwa ya klabu za wanaume na zimetupa mengi. Lakini timu iliyo chini ya klabu ya wanaume ina mwenye nyumba. Siku fedha zikipungua, mpangaji ndiye wa kwanza kuambiwa afungashe. Shirikisho likigawa fedha za matangazo, linaweza kutenga fungu kwa klabu zinazojitegemea na zinazolea watoto wa kike, kama Turbine na SGS Essen. Wakitaka wataweza.

Walio Berlin na wanaotaka kwenda: pandeni treni ya S7, mshuke Babelsberg, uwanja unafikika kwa miguu. Mtaona nguzo za taa zinazokunjwa zisipotumika, ili zisiharibu mandhari ya bustani ya kifalme iliyo jirani, maana ni urithi wa dunia. Jukwaani kuna wazee waliokuwapo tangu enzi za ubingwa wa Mashariki. Salimieni, kaeni karibu nao, ulizeni. Mimi na binti yangu mtatuona nyuma ya goli, tukiwa na skafu za bluu na nyeupe.