Jinsi nilivyompandisha Mama kwenye mgahawa wa juu ya barabara

Mama alikuwa na hamu moja tu safari ile ya Italia: ale chakula huku magari yakipita chini yake. Migahawa iliyojengwa kama daraja ipo kadhaa kwenye barabara kuu za huko. Wa mji wa Fiorenzuola d'Arda, kwenye barabara kuu ya A1, ulijengwa mwaka 1959 kwa michoro ya msanifu majengo Angelo Bianchetti, na ndio uliotangulia Ulaya. Sisi tulisimama kwenye mwingine wa aina hiyo, tukitokea Milano kuelekea Bologna.

Mama anatumia kiti cha magurudumu tangu avunjike nyonga. Tulipofika, mlango wa lifti ulikuwa umebandikwa karatasi: mbovu.

Mgahawa wa namna hii hauna ujanja mwingine. Sakafu yake lazima iwe juu ya malori marefu kabisa, na kanuni za Italia hazitaki mteremko wa kiti cha magurudumu uzidi asilimia 8. Kupanda mita 6 kwa mteremko huo kunadai njia ya mita 75, bila kuhesabu sehemu za kupumzikia. Nani ataijenga pale kwenye maegesho? Lifti ikifa, zinabaki ngazi.

Madereva wawili wa malori walijitolea kumbeba, kiti na yeye mwenyewe. Mama aliwashukuru sana, kisha akanigeukia: "Mwanangu, waambie sibebwi ngazini." Nilimwelewa. Kubebwa mbele ya watu ni jambo zito kwa mtu mzima, na mtu akiteleza na kiti, ni nyonga ya pili.

Jengo lina miguu miwili, kila upande wa barabara una maegesho yake na lifti yake. Nikamwacha Mama garini na kaka, nikapanda ngazi, nikavuka ukumbi mzima hadi upande wa magari yaendayo Milano. Lifti ya huko ilikuwa inafanya kazi. Sikuridhika kuiona taa tu: nilishuka nayo, nikapanda nayo, nikapima mlango kwa futi ya kamba ninayotembea nayo. Kiti cha Mama kina upana wa sentimita 65 ukihesabu na zile pete za kusukumia, na kilikuwa kinapita bila vidole vyake kukwaruzwa. Nikaangalia pia kizingiti, kwa sababu magurudumu madogo ya mbele hunasa lifti ikisimama chini kidogo ya sakafu. Ilisimama sawasawa.

Kazi ikabaki ya barabara. Tuliendelea hadi njia ya kutokea iliyofuata, tukalipa ushuru, tukageuza, tukachukua tiketi mpya, tukarudi kwa upande wa pili na kuegesha karibu na lifti nzima. Kaka alilalamikia mafuta. Mimi niliona ni bei ndogo.

Mama alichagua meza ya dirishani. Lori lilipopita, kijiko kilitetemeka kwenye kisahani, naye akakiwekea kidole kukisikia. Alikula taratibu kuliko nilivyowahi kumwona.

Wakati wa kushuka nilisimama na kiti mpaka kaka alipohakikisha tuko kwenye lifti ileile. Ukishuka kwa upande mwingine unatokea kwenye maegesho ambayo gari lako halipo, na barabara kuu haivukwi kwa miguu. Tukaenda kugeuza tena mbele, upande wa Milano, ndipo tukashika njia ya Bologna.

Siku hizi ninapiga simu kabla, na siulizi kama lifti ipo. Nauliza lifti ya upande gani, kwa kutaja mji ambao magari yanaelekea, na kama imefanya kazi leo. Wasimamizi wa mgahawa ule niliwaandikia barua nikiwaomba karatasi ile ya "mbovu" iwekwe barabarani, kabla ya mchepuko wa kuingilia, na iseme wazi kwamba upande wa pili inafanya kazi.