Pasaka ya Aliye Safarini Mbali

Masomo: Hesabu 9:6–14, Nehemia 8:9–12, 1 Wakorintho 16:8, 19

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili naomba tukae na kifungu kisichosomwa mara nyingi makanisani. Waisraeli walikuwa katika jangwa la Sinai, mwaka mmoja baada ya kutoka Misri, na siku ya kuila Pasaka ilikuwa imefika. Walikuwapo watu wasioweza kuila siku hiyo kwa sababu walikuwa wamepata unajisi kwa ajili ya maiti, nao wakamwendea Musa na Haruni wakiuliza kwa nini wazuiwe kumtolea Bwana matoleo kwa wakati wake pamoja na ndugu zao. Musa hakukimbilia kuwajibu, bali aliwaambia wangoje kwanza asikie Bwana atakaloagiza. Jibu lilipokuja lilikuwa pana kuliko swali lenyewe. Watu waliuliza habari za maiti tu, lakini Mungu akamwongeza mtu ambaye hapana aliyemtaja, yaani mtu aliye mbali katika safari, akaagiza kwamba naye ataila Pasaka siku ya kumi na nne ya mwezi wa pili, jioni, pamoja na mikate isiyotiwa chachu na mboga zenye uchungu.

Siku ile taifa lote lilikuwa limepiga kambi mahali pamoja, na waliouliza hawakuwa wasafiri. Kabla ya kuwapo Mwisraeli wa kufanya kazi Babeli, kufanya biashara Aleksandria au kuishi Rumi, Bwana alikuwa amekwisha kumfikiria na kumwekea siku yake. Tena aliposogeza tarehe hakupunguza kitu. Mwana-kondoo ni yule yule, mfupa wake hauvunjwi, wala hakisazwi kitu hata asubuhi. Aliye safarini hakupewa sikukuu ndogo ya kumliwaza hadi atakaporudi kwao, bali alipewa Pasaka kamili kwa siku nyingine.

Sisi tunaoishi Oman tunalihitaji neno hili kila mwaka. Hapa siku za mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, na ndivyo ilivyo tangu Mei 2013, ambapo kabla ya hapo zilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Ibada kubwa za Wakristo hufanyika Ijumaa, katika viwanja vilivyotengwa kwa ajili ya makanisa huko Ruwi na Ghala mjini Muscat, na pia Sohar na Salalah, kwenye ardhi iliyotolewa kwa ukarimu wa utawala wa nchi hii tangu enzi za Sultan Qaboos. Katika kiwanja kimoja utasikia Kimalayalam, Kitamil, Kitagalog, Kiarabu na Kiingereza, kundi moja likitoka na jingine likiingia, huku Wakopti kutoka Misri wakiingoja Krismasi yao tarehe 7 Januari. Tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi kama siku nyingine. Mwaka ambao Krismasi huangukia Ijumaa tunafurahi sana, lakini Pasaka haiwezi kutupatia nafasi hiyo kamwe, kwa kuwa Bwana alifufuka siku ya kwanza ya juma, na siku hiyo ndiyo wiki ya kazi inapoanza hapa.

Basi fikirini wanandoa wa Kikristo kutoka Mbeya, Kisumu au Mbarara, mke akiwa muuguzi mwenye zamu ya usiku na mume akiwa fundi anayeondoka nyumbani alfajiri. Asubuhi ya Krismasi wanapishana mlangoni. Mmoja anasema amechoka, mwingine anasema amechelewa, na sikukuu inapita. Wakipata nafasi ya kulizungumzia wanaambiana kwamba watasherehekea vizuri wakirudi nyumbani. Maneno hayo yana sura ya uvumilivu, lakini nimeona yanavyofanya kazi katika nyumba za watu ninaowapenda. Mwaka huu watasherehekea wakirudi, na mwaka ujao vivyo hivyo, hadi ndoa inakuwa na miaka mingi ya mishahara, kodi na fedha zilizotumwa kwa wazazi, lakini haina kumbukumbu hata moja ya siku ambayo wawili hao walikaa chini wakamshukuru Mungu pamoja kwa kuzaliwa kwa Mwokozi wao. Nasema bila kuzunguka kwamba huko ni kuidharau siku ambayo Bwana mwenyewe aliiweka kwa ajili ya aliye safarini.

Kama zamu haikuruhusu tarehe 25, chagueni Ijumaa iliyo karibu. Msione haya, na msiseme kwamba hiyo si Krismasi halisi. Mfalme Hezekia aliiadhimisha Pasaka mwezi wa pili kwa sababu makuhani waliojitakasa hawakutosha na watu walikuwa hawajakusanyika Yerusalemu, na Maandiko yanasema kwamba furaha ya siku zile ilikuwa kubwa hata wakaongeza siku saba nyingine. Kinachotakiwa ni kwamba siku mliyoichagua iheshimiwe, ipangwe mapema, iwekewe chakula, Neno na wimbo, na wala isihamishwe tena kwa sababu mtu ametaka kulala.

Katika Agano Jipya tunao mume na mke walioishi hivi karibu maisha yao yote. Akila alizaliwa Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, katika nchi iitwayo leo Uturuki. Tunapokutana naye mara ya kwanza yuko Korintho pamoja na Prisila mkewe, wakiwa wametoka Italia kwa sababu Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi wote waondoke Rumi, tukio ambalo wanahistoria wengi huliweka mwaka 49. Walifanya kazi ya kushona mahema, wakampokea Paulo akakaa kwao, kisha wakavuka bahari pamoja naye hadi Efeso. Baadaye Waraka kwa Warumi unawasalimu wakiwa wamerudi Rumi. Wametajwa mara sita katika Agano Jipya, na katika mara zote sita wametajwa pamoja. Hatusomi popote kwamba walipata kukaa mahali pa kupaita kwao. Lakini Paulo alipowaandikia Wakorintho kutoka Efeso aliwapelekea salamu za Akila na Prisila pamoja na kanisa lililokutana nyumbani mwao. Katika waraka huo huo anasema kwamba atakaa Efeso hata Pentekoste, na mapema zaidi, katika sura ya tano, amesema kwamba Kristo, Pasaka wetu, amekwisha kutolewa, basi na tuifanye karamu kwa weupe wa moyo na kweli. Sisemi kwamba maneno hayo yaliandikwa mezani pao. Nasema kwamba mwito wa kuifanya karamu ulitoka katika mji wa ugenini, ambamo mume na mke waliofukuzwa walikuwa wamefungua mlango wao.

Nasi hapa tunaziheshimu taratibu za nchi, na ibada ya kusanyiko tunaifanya katika viwanja vyake. Hata hivyo hakuna anayewazuia mume na mke kubariki chakula chao, kusoma sura ya pili ya Luka wakiwa wawili, na kumwandalia mgeni sahani.

Kuna jambo lingine linalohusu simu, nami naliona zito. Muscat iko mbele ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa moja, kwa hiyo watu wa nyumbani wanapotoka katika mkesha saa sita usiku, kwetu ni saa saba, na simu zinaanza kulia. Mume anaongea na kaka zake sebuleni, mke anaongea na mama yake jikoni, kila mmoja akiangalia sherehe ambayo hayumo. Wazazi wanastahili salamu hizo, na ni vibaya kuwanyima. Lakini Nehemia aliwaambia watu kwamba wale kilichonona na kunywa kilicho kitamu, kisha wampelekee sehemu yeye asiyewekewa kitu, na nimewahi kuona nyumba ambamo asiyewekewa kitu alikuwa ni mwenzi wa ndoa. Wa mbali wote walipata neno jema, zawadi na saa nzima ya maongezi, na yule aliyevuka bahari pamoja nawe akapata mabaki ya jioni na usingizi wako. Mpe yeye sehemu ya kwanza. Mwambie kwa sauti yale unayomshukuru Mungu juu yake, na mwombee kwa jina lake huku anasikia, ndipo mpige simu mkiwa wawili, ili mama mkwe naye awaone pamoja.

Kuhusu mila za kwao mume na kwao mke, kama ni wali wa nazi au ndizi, kama zawadi zinafunguliwa usiku au asubuhi, sina maneno mengi. Pikeni vyote viwili au pokezaneni kila mwaka. Ndoa isitiwe doa kwa ajili ya sufuria.

Mboga zenye uchungu ndizo zinazonigusa zaidi. Mungu angeweza kumwondolea msafiri sehemu hiyo, kwa kuwa msafiri ana uchungu wake tayari, lakini hakumwondolea. Wengi wetu tumefiwa tukiwa huku, na mazishi tumeyaona kwenye simu. Wapo walioacha watoto kwa bibi, na mtoto anaposema "Shikamoo baba" sauti yake imebadilika tangu likizo iliyopita. Wapo wanandoa wanaoingoja mimba, na kila Desemba swali la ndugu linawaumiza upya. Mara nyingi tunayaficha hayo siku ya sikukuu tukidhani kwamba furaha ya Kikristo inatudai uso wa kucheka tangu asubuhi hata jioni. Pasaka ya Bwana haikuwa hivyo, kwani uchungu ulikuwa na mahali pake mezani, kando ya mwana-kondoo, ukiliwa na watu waliokombolewa. Kwa hiyo kabla ya kula, mume na mke watajiane majina ya waliowapoteza mwaka huu na mambo yaliyowaliza, na kila jina lifuatwe na sala fupi. Yule aliyeuliza katika Zaburi jinsi ya kuuimba wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni alikuwa akiomboleza, na maombolezo yake yenyewe yaliingia katika kitabu cha nyimbo za watu wa Mungu.

Narudi kwa asiyewekewa kitu. Katika miji ya Ghuba wapo mabinti wengi wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi za ndani, na si wote wanaopata ruhusa ya kutoka siku ya ibada. Wengine hukaa miezi bila kusikia wimbo wa kanisani isipokuwa kwa simu. Wanandoa wenye nyumba yao, vibali vyao na siku yao ya mapumziko wana utajiri ambao labda hawajautambua. Nehemia hakusema tu kwamba asiye na kitu aalikwe. Alisema apelekewe, kwa kuwa wapo wasioweza kuja. Kama unamjua mmoja wao na inawezekana bila kumtia mashakani na waajiri wake, mfikishie chakula. Kama haiwezekani, mtumie salio na mwombee kwa sauti naye akikusikia. Mji huu umewahi kuona jambo la namna hiyo. Peter Zwemer, mmisionari wa Kanisa la Reformed la Marekani, alifika Muscat mwaka 1893, na mwaka 1896 aliwapokea wavulana wa Kiafrika waliookolewa kutoka kwenye utumwa baharini, akawapa malazi na shule. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1898, akiwa kijana bado. Watoto wale hawakuwa wamechagua safari yao, wala hawakuwa na simu ya kumpigia mama, lakini walipata mahali pa kula.

Wala tusiwasahau majirani. Waomani wengi wa hapa wana wazee waliozaliwa Unguja au Pemba, wakaja baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 au baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, nao huzungumza Kiswahili kizuri kuliko sisi wengi. Unamwamkia bibi "Shikamoo" kwenye ngazi, naye anakujibu "Marahaba, mwanangu" na kukuuliza habari za huko kama mtu anayeuliza habari za kwao. Wakati wa Idi wametuletea halua na kahawa. Siku yetu inapofika, peleka sahani iliyofunikwa vizuri, yenye chakula ambacho jirani anaweza kukila bila wasiwasi wa dini yake. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa kwenda Babeli kwamba wautakie amani mji ule na kuuombea kwa Bwana, na sioni namna ya kuombea mji huku tukiwapita watu wake kimya kwenye ngazi.

Juma hili, kabla ratiba za zamu za Desemba hazijapangwa, kaeni wawili na kalenda. Kubalianeni siku. Andikeni nani atasoma, nani atapika nini, sahani ipi itakwenda kwa nani, kisha waambieni wazazi mapema ili wasisikitike simu ikichelewa. Hata wao wana kiti kitupu mezani, na habari kwamba watoto wao wameiadhimisha sikukuu ya Bwana huko waliko itawafariji kuliko fedha.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemkumbuka aliye mbali katika safari kabla hajaondoka, wakumbuke wanandoa wako walioko Muscat, Sohar na Salalah, na popote katika Ghuba na mbali zaidi. Walinde walio zamu usiku wa kuzaliwa kwa Mwanao, nao wagonjwa wanaowahudumia uwaponye. Wape mabinti waliofungiwa ndani neema ya kutoka, na waajiri wao uwape moyo wa huruma. Wazazi wetu uwatunze hadi tuonane nao. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.