Meno 46, Meno 13

Mwaka 1987 baba yangu alikuwa na Land Rover Series III, ile fupi ya inchi 88, iliyotupeleka Kavumu karibu kila Jumamosi. Ponti ya nyuma, yaani ekseli yenye gia za kuzungusha magurudumu, ilikuwa imeanza kulia kama nyuki ndani ya mtungi, na gereji moja ya Bukavu ikamwekea nyingine iliyotolewa kwenye gari lililokwisha kufa, ikimhakikishia kwamba ni ya aina ileile.

Kelele ilikwisha, na kwa wiki mbili baba alilisifu gari lake kwa kila aliyepanda. Lakini mimi, niliyekuwa nikikaa kando yake na kuyajua mazoea yote ya gari lile, niliona mambo yasiyopatana. Mlima wa kwenda Kadutu, tuliozoea kuupanda kwa vitesi, yaani gia, ya tatu, sasa ulidai ya pili. Safari ya kutoka mlangoni petu hadi Kavumu, ambayo mita ilikuwa ikiihesabu kilomita 32 miaka yote, ilikuja kuhesabiwa 24, ingawa barabara haikuwa imefupishwa hata kwa hatua moja. Baba alisema mita imezeeka.

Mvua zilipoanza tulikwenda Walungu. Kwenye tope la kwanza alibonyeza kile kitufe cha manjano kinachoamsha magurudumu ya mbele, na gari, badala ya kuvuta, likaanza kurukaruka na kugongagonga chini ya miguu yetu, kana kwamba nusu yake ya mbele na nusu yake ya nyuma zinagombania njia. Baba alizima injini papo hapo. Nashukuru hadi leo kwamba alizima upesi, kwa sababu shafti za magurudumu za Land Rover zile hazivumilii ugomvi wa namna hiyo.

Kesho yake tulimpelekea gari fundi mmoja mzee, aliyekuwa na kibanda chake Nguba. Nilimwonyesha namba iliyopigwa kwenye ganda la ponti, nikidhani itatupa jibu.

“Kijana wangu,” akasema, “namba hiyo ni ya ganda, na ganda halikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni moyo, yaani gia za ndani.”

Akazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akainua gurudumu moja la nyuma kwa kriki na kuliacha la pili chini, akaweka vitesi katikati, kisha akalegeza breki ya mkono. Hilo la mwisho lilinishangaza, mpaka aliponieleza kwamba breki ya mkono ya Land Rover hiyo haishiki magurudumu, bali hushika karda, ule mhimili unaopeleka mwendo kwenye ponti, nyuma ya sanduku la vitesi, na kama isipolegezwa karda haitazunguka kamwe. Alichora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye karda, akaniagiza nilale chini na kuhesabu karda, wakati yeye mwenyewe akizungusha gurudumu mara 20.

Kwa nini mara 20? Gurudumu moja likiwa limetulia chini, kuroni, ile gia kubwa iliyo ndani ya ponti, huzunguka nusu tu ya mizunguko ya gurudumu lililo hewani. Basi mara 20 za tairi ni mara 10 za kuroni, na kuhesabu mengi hupunguza kosa la jicho. Ponti ya Series III ina uwiano wa 4.7 kwa 1, yaani karda huzunguka mara 4.7 kwa kila mzunguko mmoja wa kuroni, kwa hiyo chaki yangu ilipaswa kupita mara 47. Nilikuwa nimelala kwenye vumbi lenye harufu ya mafuta ya gia, shingo imekakamaa, nikihesabu kwa sauti, na gurudumu likasimama nikiwa kwenye 35 na kidogo kisichofika nusu. Nilidhani nimeruka hesabu. Tulirudia, ikawa vilevile. Kisha tukahamia ponti ya mbele, nayo ikatoa 47 bila upungufu.

Mzee alimwaga mafuta, tukachomoa shafti, akautoa moyo wa ponti kwa upande wa mbele na kuuweka juu ya gunia. Nilihesabu meno kwa kidole, nikianzia kwenye jino lililopakwa chaki: kuroni 46, na pinyo, ile gia ndogo inayoizungusha, 13. Ukigawa, unapata 3.54, nao ni uwiano wa Range Rover. Vyuma vya magari hayo mawili huingiliana bila kukataa, na ndiyo maana gereji iliufunga moyo huo bila kutumia nyundo. Kwenye njia kavu gari lilienda, ila injini ilibeba mzigo uliozidi. Kwenye tope, mbele na nyuma zilitaka mwendo tofauti kwa karibu theluthi moja. Hata mita haikuwa na kosa, kwa kuwa hupokea mwendo wake kabla ya ponti: 32 kwa 24 ni karibu sawasawa na 4.7 kwa 3.54. Nilipoona hesabu hizo mbili zikikutana kwenye karatasi, nilisikia furaha ambayo shule haikuwahi kunipa.

Baba aliurudia moyo wake wa zamani, uliokuwa bado umetupwa chini ya meza ya gereji ile. Mzee akabadilisha beringi za pinyo zilizokuwa zikilia, akapima ulegevu wa meno kwa subira ya asubuhi nzima, akaufunga. Jumamosi iliyofuata tulikwenda Kavumu, nami macho yangu hayakutoka kwenye mita. Tulipofika ilikuwa imesogea kilomita 32.