Mafaili manne, jarida moja

Jana nimekesha na jarida letu la kurasa 12. Waandishi wanne, kila mmoja kaleta faili lake la InDesign (programu ya kupanga kurasa), nami nikajidai kuyaunganisha ni kazi ya nusu saa. Thubutu!

Kuhamisha kurasa kwenyewe si tabu: unafungua mafaili yote, unaziburuta kurasa hadi faili kuu, basi. Balaa ni mitindo ya aya, yaani mipangilio ya fonti na saizi iliyohifadhiwa kwa jina. Wote wanne wameuita mtindo wao "Habari", ila kila mmoja na fonti yake na saizi yake. Majina yakigongana, mtindo wa faili linalopokea ndio unaoshinda. Makala iliyokuwa imetulia kwenye kurasa 2 ikafura, mistari ya mwisho ikafichika nje ya fremu (kisanduku cha maandishi). Nimegundua niliposoma mara ya tatu, tena kwa bahati tu.

Halafu faili moja lilikuwa la karatasi ya saizi ya Letter, mengine A4, na hizo hazilingani. (Nani hakuuliza mapema? Mimi.) Picha nazo zinaonekana kwa ukungu tu, maana wametuma faili bila folda ya picha.

Toleo lijalo natuma kiolezo kimoja (faili la mfano lenye mitindo tayari) kwa wote. Asiyekitaka alete maandishi matupu, nitapanga mwenyewe.