Siku yangu moja kwenye chumba cha kamera, Mbeya

11:30 alfajiri. Baridi ya Uyole mwezi wa saba we acha tu, inang'ata mpaka kwenye meno. Koti la mtumba, mtandio juu, bajaji mpaka lami halafu daladala. Mimi ni nesi wa endoskopi, yaani kupima kwa kamera inayopitishwa kooni, wagonjwa wananiita sista wa kamera.

1:15 asubuhi. Kabla ya mtu yeyote kuingia nazamisha mpira wa kamera kwenye maji nikiwa nimeujaza hewa, naangalia mapovu. Ukitoa mapovu umetoboka, basi siku imeishia hapo. Leo hamna.

2:10. Wa kwanza ni mzee wa Mbozi, mkulima wa kahawa. Alianza kukwama na ugali, ikaja wali, sasa ni uji tu na wenyewe kwa kijiko. Mkanda wake una matundu mawili mapya yametobolewa kwa msumari. Nikampulizia dawa ya ganzi kooni, akalala ubavu wa kushoto, kamera ikafika sentimita 28 ikagoma. Uvimbe umeziba njia. Dokta akachukua vinyama sita vya kupima maabara, tukatoka taratibu.

3:00. Binti yake ananisubiri mlangoni na simu mkononi. "Sista, nimesoma kuna altrasaundi inaingizwa kooni, inaona kansa imezama kiasi gani, mbona baba hajapimwa hiyo?" Swali zuri sana, wengi hawaulizi. Nikamwambia mdogo wangu, ni kamera yenye altrasaundi kwenye ncha, inaona ukuta wa umio, ile njia ya chakula toka kooni mpaka tumboni, tabaka kwa tabaka, yako matano, na inaonyesha uvimbe umeishia kwenye ngozi laini ya ndani au umefika kwenye msuli au umetoka nje kabisa. Tezi za pembeni nazo inaziona, na sindano inaweza kupitishwa humohumo kuvuta chembe zikapimwe. Kwa mambo ya ukutani pale inaizidi CT skani. Ila mpira wake kwa kawaida ni mnene kuliko huu wetu, na huu wenyewe umegoma kwa baba yako, ukilazimisha unatoboa umio na hapo umemuongezea mgonjwa ugonjwa mwingine. Na hata ungepita usingebadilisha kitu kikubwa, maana njia ikishabana hivi mara nyingi ugonjwa umeshavuka msuli. Yeye anahitaji CT ya kifua na tumbo tujue mapafu na ini vikoje, halafu stenti, kimrija cha kuachia njia, ili ale. Akanyamaza, akauliza stenti bei gani. Hapo ndo huwa naishiwa maneno.

4:30. Chai. Mwenzangu anaipiga ikiwa inachemka. Nikamkumbusha kwamba tangu 2016 shirika la utafiti wa kansa la WHO limeweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha kansa ya umio, na sisi tuko kwenye ule ukanda wa toka Ethiopia mpaka Afrika Kusini ambako ugonjwa huu umejaa. Akacheka, akanywa.

6:20 mchana. Mama wa Tukuyu, mchuma chai, anasema chakula kinapita ila kinakwaruza. Kamera ikateremka mpaka tumboni bila shida, mimi nikajua gesi. Dokta akaniomba ayodini, rangi ya kutafutia palipoharibika maana hapo haishiki, tukanyunyizia, umio wote ukageuka kahawia isipokuwa doa moja saizi ya punje ya haragwe, likabaki jeupejeupe. Chumba kikawa kimya.

Hapa sasa ndo ile altrasaundi ina kazi. Kinyama kikirudi ni kansa, swali linabaki kina tu: ikiwa juujuu inabanduliwa kwa kamera bila kupasua kifua, ikiwa imezama chini ya ile ngozi laini ya ndani tezi zinaweza kuwa zimeshaguswa na matibabu yanabadilika kabisa. Kwetu mashine hiyo haipo. Kusema ukweli kwa wazee kumi wa mkanda uliotobolewa siililii, ila kwa mama kama huyu roho inaniuma.

9:00 alasiri. Kuosha mipira, fomu za patholojia za kupeleka vinyama maabara, rufaa ya mzee. Dokta yuko kwenye simu na Dar anaulizia ile altrasaundi.

12:40 jioni. Niko jikoni simu inaita, mama wa Tukuyu. Majibu ni wiki mbili, nilishamwambia. "Najua mwanangu, nauliza tu, wakinipeleka Dar nibebe sweta?"